Kutoka Garissa hadi Kiti cha P.C.

Wewe mkulima wa Hola, unapofungua maji ya mfereji asubuhi, tazama ng'ambo ya Mto Tana. Upande ule ni Ijara katika Garissa, nchi ya wafugaji. Bwana Mohamed Yusuf Haji alizaliwa Garissa mwaka 1940, na wazee wengi wa skimu za Rift Valley hawajalisahau jina lake. Yafaa nawe uzijue habari zake, kwa maana watu wa kazi yake ndio waliosimama barazani ulipogombana na jirani juu ya mpaka wa shamba.

Aliingia kazi ya utawala mwaka 1960 akiwa Bwana D.O., Waingereza wakiwa bado wanatawala. Kazi hiyo ni ya uhamisho. D.O. alipewa tarafa, D.C. wilaya, na P.C. alipewa mkoa mzima. Hujamaliza kujifunza salamu za watu wa mahali, barua inafika: funga mizigo. Bwana Haji alipanda ngazi hiyo yote, akatumika hadi mwaka 1997.

Sasa fikiri. Kwao, Kaskazini Mashariki, hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, na sheria zake ziliondolewa 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha upya uraia wao na kubeba kadi ya pekee. Mwana wa watu hao hao alikuwa ameshika muhuri wa Serikali.

Akiwa P.C. wa Rift Valley, mambo yaliharibika huko nako. Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Meteitei, Nandi, yakaenea mpaka wakulima wengi wakayakimbia mashamba waliyoyanunua kwa jasho lao. Labda nawe ulikuwamo. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, iliwalaumu watawala wa mkoa. Hatuwezi kulificha jambo hilo kwa kuwa mwenyewe amekwisha kufa. Mkulima aliyechomewa nyumba hakuuliza P.C. ametoka kabila gani. Aliuliza askari wako wapi.

Mwaka 1998 aliingia Bungeni kwa kuteuliwa, na mwaka 2002 watu wa Ijara wakamchagua. Alikuwa Waziri wa Ulinzi tangu 2008 hadi 2013, na katika wakati wake, Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia. Kisha akawa Seneta wa Garissa. Alikufa Nairobi tarehe 15 Februari 2021, mwenye umri wa miaka 80.

Mikoa nayo imekwisha, kwa Katiba ya mwaka 2010. Ukiwa na shauri la mpaka leo, anza kwa Chifu wako, kisha uende kwa Kamishna Msaidizi wa Kaunti. Ukifika ofisini na kusema unamtafuta D.O., utaonyeshwa mlango ule ule.