Istilahi za Mahusiano ya Viumbe: Je, Mbuga Hutulia?

Mwalimu mmoja wa Bariadi, aliyekuwa akitafsiri kijitabu cha hifadhi kwa ajili ya vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa, alituletea swali ambalo mwanzoni tulilidhania jepesi. Katika rasimu yake alikuwa ameandika kwamba "utulivu wa wanyama wa porini hutegemea mahusiano yao". Wazee waliosomewa sentensi hiyo waliuliza: ni lini tembo walitulia? Walikuwa na haki. Mtu ambaye mahindi yake yamekanyagwa usiku hawezi kukiamini kijitabu kinachomwambia habari za utulivu. Kosa lilikuwa la istilahi, nasi tumeona yafaa tueleze jambo lenyewe kabla ya kupendekeza maneno.

Vitabu vya shule huanza na "mnyororo wa chakula": nyasi, nyumbu, simba. Picha hiyo humfaa mtoto, lakini humpotosha mtu mzima, maana mnyororo ukikatika pete moja kazi yake imekwisha. Mambo hayako hivyo. Nyumbu huliwa na simba, fisi na mamba. Simba naye hula pundamilia, nyati na ngiri. Wataalamu walioeleza ulishano wa Serengeti mwaka 2011 walihesabu spishi 161, yaani mimea 129, wala-majani 23 na wala-nyama 9. Tulifikiria kuuita mchoro wa namna hiyo "utando", kwa kumkumbuka buibui, ila wanabayolojia wamekwisha kulitwaa neno hilo kwa ngozi laini ya seli. "Mtandao" nalo limeelemewa na mambo ya simu na intaneti. Hata hivyo twalichagua, mradi liandikwe kwa ukamilifu: "mtandao wa mahusiano ya spishi". Twasema mahusiano, wala si ulishano tu, kwa kuwa viumbe pia hushindana, hufaana na huambukizana.

Umuhimu wa uambukizano wauonyesha ugonjwa wa sotoka. Uliingia Afrika Mashariki mnamo 1890, ukateketeza ng'ombe pamoja na nyumbu na nyati. Kuanzia miaka ya 1950 ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walichanjwa, na katika miaka ya 1960 ugonjwa ukatoweka miongoni mwa nyumbu, ijapokuwa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kiasi cha 250,000. Kufikia 1977 walikuwa kiasi cha 1,300,000. Walizila nyasi hata kiangazi kikakuta machache ya kuungua. Moto wa nyika ukapungua, na miche ya migunga iliyokuwa ikiteketea kila mwaka ikapata kukua. Hivyo ng'ombe wa mfugaji na mti wa porini, ambao katika mnyororo wowote wa kitabuni hawakutani, wamefungwa pamoja katika mtandao mmoja. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Katika miaka hiyo kumi na sita mbuga haikutulia hata kidogo, nayo haikubomoka. Dhana inayotafutwa si kukaa kimya, bali ni kutobomoka, na neno lake ni "uthabiti". Wenye taaluma wamebishana sana juu yake. Charles Elton aliandika mwaka 1958 kwamba jumuiya za viumbe zenye spishi chache huyumba kwa urahisi zaidi. Mwaka 1972 Robert May akaonyesha kwa hesabu kwamba mtandao uliofungwa kiholela, kadiri spishi na mahusiano yake yanavyozidi, ndivyo unavyozidi kuwa mwepesi wa kuyumba. Jibu lililopatikana baadaye ni kwamba mitandao ya asili haikufungwa kiholela: mahusiano yenye nguvu ni machache, yaliyo dhaifu ni mengi, na hayo dhaifu hupunguza mtikiso. Makundi ya nyumbu yanapohama, simba wanaobaki hugeukia ngiri na nyati.

Mtafsiri hana budi pia kutenga mambo mawili ndani ya uthabiti. La kwanza ni kukataa kuyumba; hilo twaliita "ukinzani". La pili ni kurudi baada ya kuyumba. Nyaraka nyingi za serikali huliita "ustahimilivu", lakini anayestahimili huvumilia tu, wala neno halisemi kama atarudi alivyokuwa. Twaona afadhali "unyumbufu", litumikalo tayari katika fizikia kwa kitu kivutwacho kikarejea. (Neno hili latokana na kunyumbuka, mnyama nyumbu hahusiki.) Ukame wa 1993 ulipowapunguza nyumbu hata wakawa chini ya milioni moja, kisha wakaongezeka tena, huo ulikuwa unyumbufu.

Limebaki neno "jamii". Msomaji wa Bariadi akisoma "jamii ya Maswa" atawafikiria watu. Kwa viumbe wa mahali pamoja twatumia "jumuiya ya viumbe", tukiliachia "jamii" kazi yake. Sentensi ya mwalimu tumemrudishia hivi: "Uthabiti wa jumuiya ya viumbe hutegemea mtandao wa mahusiano ya spishi zake, na mifugo yetu imo katika mtandao huo."