Programu za rununu sharti zibishe hodi

Katika uungwana wa pwani yetu, mgeni haingii nyumba ya mtu kimyakimya. Hubisha hodi. Asipojibiwa hubisha ya pili, kisha ya tatu. Na mlango ukisalia kimya, hurudi alikotoka bila kinyongo. Kunyamaza kwa mwenye nyumba hakujapata kuwa ruhusa ya kuingia. Adabu hii, ambayo mtoto huijua kabla ya kujua herufi, ndiyo inayokosekana katika nyingi ya programu tunazozipakua katika rununu zetu. Huingia, huchungulia, na aghalabu kitu cha kwanza kuchukuliwa ni anwani ya barua pepe ya mwenye simu.

Yamkini wapo watakaouliza: anwani ya barua pepe ina thamani gani hata iandikiwe makala? Na wachukue mfano wa Wema, kijiji kilicho kando ya Mto Tana, katika eneo la Garsen. Wenyeji wake, wengi wao Wapokomo, wameutegemea mto huo tangu jadi kwa mpunga, ndizi na maembe. Hata hivyo, kijana amalizaye masomo ya sekondari huko leo hawezi kuishi kwa mto pekee. Akitaka mkopo wa elimu ya juu kutoka HELB, ni sharti afungue akaunti yenye anwani ya barua pepe. Akihitaji huduma za serikali kupitia eCitizen, ni vivyo hivyo. Anwani imekuwa mlango wa kuingilia chuoni, afisini na kazini.

Si mlango tu, bali ni ufunguo pia. Mtu akisahau neno la siri la akaunti yake, ujumbe wa kumwezesha kuliweka jipya hutumwa kwa barua pepe. Kwa hivyo anayeitawala barua pepe ya mtu ana uwezo wa kuzitawala akaunti zake nyinginezo. Tena, watu hubadilisha nambari za simu, huhama makao na hubadilisha kazi, lakini anwani waliyoifungua wakiwa wanafunzi huandamana nao kwa miaka mingi. Ndiyo maana wafanyabiashara wa habari za watu huithamini: ni uzi wa kuunganishia kile ulichonunua hapa, ulichosoma pale na ulichokopa kwingine, hadi ipatikane sura yako nzima ambayo wewe mwenyewe hukuichora.

Ni haki kukiri kwamba mafundi wa simu wamepiga hatua. Katika simu za Android za awali, programu ilitangaza maombi yake yote kwa mkupuo wakati wa kupakuliwa. Mtu aliyakubali yote au aliikosa programu. Toleo la 6.0 la mwaka 2015 lililazimisha programu kuomba ruhusa nyeti moja moja, wakati wa kuihitaji. Toleo la 8.0 la mwaka 2017 likaenda mbali zaidi: ruhusa ya jumla haikutosha tena kuziona akaunti za mwenye simu, bali yeye mwenyewe alipaswa kuichagua ile aliyoridhia ionekane. Nayo Apple, mwaka 2019, ilianzisha njia ya kujisajili ambayo humwezesha mtu kuificha anwani yake halisi. Programu hupewa anwani ya badala, na barua zikifika huko hupelekwa kwa mwenyewe. Basi asitwambie mtu kwamba ustaarabu hauwezekani katika teknolojia. Unawezekana, na umekwisha kuundwa.

Walakini hodi isiyoeleweka si hodi. Kidirisha cha kuomba ruhusa huja mara nyingi kwa Kiingereza cha kisheria, chenye maandishi madogo, na kitufe cha kukubali kikiwa kimepakwa rangi ya kuvutia huku cha kukataa kikififishwa pembeni. Mwanafunzi anayebonyeza mahali palipoandikwa kwamba aingie kwa akaunti yake ya Google hudhani amerahisishiwa kazi tu. Kumbe kwa mguso mmoja amekabidhi jina, anwani na picha yake kwa mtu asiyemjua. Je, huyo ameridhia, au amepitiwa tu?

Sheria za Kenya zina jibu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilifafanua kwamba idhini ni lazima itolewe waziwazi, kwa hiari, kwa jambo mahususi na kwa ufahamu. Inaagiza pia kwamba zikusanywe habari zinazohitajika tu kwa kazi iliyotajwa, na kwamba habari za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Bi Immaculate Kassait aliapishwa mwaka 2020 kuwa Kamishna wa kwanza wa Data. Mnamo Septemba 2023 afisi yake iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia habari za watu zilizopatikana kupitia kwa wengine kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Wakati huo huo, Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Walimu na waizingatie faini hiyo ya pili: ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi kati ya hizo mbili. Mwalimu anayekusanya anwani za wanafunzi na kuzisajili katika programu ya masomo aliyoipenda, bila kuwauliza wazazi, naye amepita mlangoni bila hodi.

Watengenezaji wa programu watajitetea kwamba wanaihitaji anwani ili watume risiti, au wamsaidie aliyesahau neno lake la siri. Hoja hiyo ina uzito pale panapostahili. Programu ya benki ina sababu ya kumjua mteja wake. Lakini tochi, kikokotoo na mchezo wa kuteremsha matofali vinaitakia nini barua pepe ya mtoto wa Wema? Anayeomba asichokihitaji amekwisha kudhihirisha kwamba anacho alichokificha.

Tusiwalaumu walio mbali pekee, maana lipo pia tatizo la nyumbani. Katika miji yetu midogo, vijana wengi hufunguliwa anwani na mhudumu wa saiba. Mhudumu huchagua neno la siri mwenyewe, huandika nambari yake ya simu kuwa ya dharura, na kijana huondoka na kijikaratasi. Mwaka ukipita, kijikaratasi kimepotea, mafuriko ya Tana yamekisomba au mhudumu amehama, na mwenye anwani hawezi kuufikia mkopo wake. Pengine mhudumu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hata hivyo, msaada unaomnyima mtu ufunguo wa nyumba yake ni msaada wenye kasoro.

Hapa ndipo shule inapohitajika. Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi, lakini ujuzi huo haupaswi kuishia katika kuwasha kishikwambi. Kila mwanafunzi na afunzwe kujifungulia anwani kwa mkono wake, kulitunza neno lake la siri, na kuiuliza kila programu maswali matatu: Ni nani abishaye? Anataka nini? Atakifanyia nini? Asiporidhika na majibu, afunzwe kwamba kukataa si utovu wa adabu. Na aliyekubali jana bila kufahamu anaweza leo kuingia katika mipangilio ya simu na kuiondoa ruhusa aliyoitoa. Aliyedhulumiwa ana haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria imempa siku 90 za kulishughulikia lalamishi.

Serikali nayo ina wajibu. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Itakuwaje basi idhini iitwe ya ufahamu ilhali imeombwa kwa lugha ambayo bibi wa Wema, anayeitumia rununu kila siku kupokea pesa, haielewi? Kampuni zinazotaka habari za Wakenya na zishurutishwe kuziomba kwa Kiswahili chepesi, kwa maandishi yanayosomeka, na kitufe cha kukataa kiwe sawa na cha kukubali.

Bibi huyo hajakataa wageni. Nyumba yake haijapata kufungiwa mtu aliyekuja kwa heshima. Anachotaka ni kile kile alichokidai siku zote kwa kila afikaye mlangoni pake: ajitambulishe, aseme shida yake, kisha angoje aambiwe karibu.