STEROIDI: KAZI ZAKE MWILINI NA HATARI YA MKOROGO



Huko Tandale, Tandika na Mbagala watu hutuuliza: "Mkorogo si mafuta ya kujipaka tu? Utaletaje presha?" Swali hilo ni zuri. Ili kulijibu, hebu kwanza tuijue steroidi, maana mikorogo mingi huchanganywa na dawa za aina hiyo.

Steroidi ni nini?

Steroidi ni kundi la kemikali zenye umbo la namna moja. Kila moja ina pete nne zilizoshikana. Pete tatu zina pembe sita, na ya nne ina pembe tano. Pete hizo zimejengwa kwa chembe 17 za kaboni. Ni kama nyumba zilizojengwa juu ya msingi mmoja: msingi haubadiliki, lakini milango na madirisha hutofautiana. Ukibadili mlango mmoja tu, kazi nayo hubadilika.

Kumbe mwili wenyewe hutengeneza steroidi! Hutumia kolesteroli, ambayo nyingi hutengenezwa na ini. Kutokana nayo hupatikana homoni za uzazi za mwanamke na za mwanamume. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo nazo hutengeneza kotisoli. Hii husaidia kuongoza sukari ya damu, presha, na nguvu ya mwili wakati wa ugonjwa au shida.

Dawa na mkorogo

Wataalamu wametengeneza dawa zinazofanana na kotisoli. Daktari akizitoa kwa kipimo, huwasaidia wagonjwa wa pumu na wa ngozi. Mojawapo ni klobetasoli, nayo ni kali sana. Hupunguza rangi ya ngozi, na hapo ndipo wachanganyaji wa mkorogo walipoipendea.

Sasa tujibu swali letu. Steroidi huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya ngozi na kuingia katika damu. Kwanza ngozi huwa nyembamba, huchanika michirizi, hutoa chunusi, na kidonda huchelewa kupona. Mtu akijipaka mwili mzima kwa muda mrefu, presha na sukari huweza kupanda, na mifupa kudhoofika. Tena ubongo hudhani kotisoli imejaa, basi huziambia zile tezi zipumzike. Mtu akiacha ghafula, mwili huweza kubaki bila kotisoli ya kutosha. Akaishiwa nguvu, akatapika, hata akazimia.

Tufanye nini?

1. Tusome maandishi ya kwenye tyubu kabla ya kununua. Klobetasoli huandikwa kwa herufi C mwanzoni, na betamethasoni kwa herufi B. Hizo ni dawa, siyo vipodozi. Kopo lisilo na maandishi tuliache hapo hapo dukani.

2. Dawa ya steroidi tuitumie kwa cheti cha daktari, na tusizidishe siku.

3. Aliyejipaka kwa miezi mingi asiache kimya kimya. Aende kituo cha afya, au Hospitali ya Temeke au Mwananyamala, na aseme kweli alichotumia. Si aibu.

4. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Tukiona vipodozi vya hatari vinauzwa, tuwaarifu.

Ndugu msomaji, kusoma umekwisha kujua. Anza na tyubu iliyopo nyumbani kwako leo, kisha msomee na jirani.