Betri ya Kupeleka Nyumbani: Ipime Kabla ya Kulipa

Likizo ikikaribia, maagizo kutoka nyumbani huanza: simu, manukato, viatu. Mwaka huu mdogo wangu wa Tanga ameniagiza betri. Anaishi kwa kufyeka majani na kupogoa ua za watu, na mashine yake ni ya betri. "Dada shikamoo," aliniambia, "hii yangu inashika dakika tano tu, wateja wanakimbia." Kwake hiyo ni ugali wa watoto.

Hapa Al Hamra, chini ya Jabal Shams, betri hizi si ngeni. Jirani zangu hukatia makuti makavu ya mitende kwa msumeno wa betri. Ila zinauzwa nyingi na si zote za kweli.

Kwanza mwombe ndugu yako akutumie picha tatu: lebo ya betri, mdomo wake unaoingia kwenye mashine, na chaja. Kampuni moja inaweza kuwa na mifumo isiyoingiliana. Makita ya volti 18 haikai kwenye mashine zao za volti 40. Bosch ya kijani, ya nyumbani, haiingiliani na ya buluu ya mafundi. Lakini DeWalt iliyoandikwa 20 Marekani na ile ya 18 Ulaya ni kitu kilekile: ndani mna seli tano zilizofuatana, kila moja volti 3.6 ikiwa kazini, na zikijaa kabisa hufika kama 20.

Baada ya hapo ni uwezo, yaani ampea-saa, na hapa ndipo uongo ulipo. Katika duka moja la Nizwa nilionyeshwa betri ya volti 18 iliyoandikwa ampea-saa 12, nusu ya bei ya ile halisi ya 5. Mzee mwenye nyumba wangu, aliyekulia Zanzibar, aliipima mkononi akacheka: "Mwanangu, hii imejazwa upepo." Tukaomba mzani. Gramu 380 pamoja na ganda lake!

Hesabu ni hii. Seli ya kawaida, 18650, ina kipenyo cha milimita 18, urefu wa 65, na uzito wa gramu 45 hadi 50. Zilizo bora kabisa hubeba kama ampea-saa 3.5. Betri yenye seli kumi, safu mbili za tano, haiwezi basi kupita 7, na seli zake peke yake zinakaribia nusu kilo. Zipo seli kubwa zaidi, lakini nazo ni nzito zaidi. Gramu 380 haitoshi hata seli kumi.

Kisha ndege. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: 18 mara 5 ni 90. Betri ya akiba husafiri kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini, na vyuma vyake vizibwe kwa gundi ya karatasi. Hadi wati-saa 100 hakuna shida. Kati ya 100 na 160 omba kwanza ruhusa ya shirika la ndege, nazo zisizidi mbili. Ya volti 36 na ampea-saa 4 ni 144, kwa hiyo piga simu mapema.

Kama muuguzi nina neno juu ya chaji. Betri ya lithiamu ikishika moto huwaka ghafla, kwa moshi wenye sumu. Usiichaji usiku watu wamelala, wala kwenye korido mnayotokea nje. Usiichaji ikiwa imetoka juani. Ikipita nyuzi 45 iache kivulini kwanza. Ndani ya gari la Oman adhuhuri si mahali pa kuiacha.

Mdogo wangu alitaka mbili za bei rahisi. Nimemnunulia moja halisi ya 5, gramu 640 kwenye mzani wa jikoni kwangu. Ile ya zamani imevimba, nimemwambia asiitoboe wala asimpe fundi aibadilishe seli. Aiweke nje, mbali na nyumba, mpaka apate wanaopokea betri chakavu.