Kitundu kidogo kidoleni, hatari kubwa

Mzazi, kama kijana wako anashinda gereji akifufua pikapu kuukuu ya dizeli ili akashindane mbio, pengine unahofia mwendo kasi. Mimi nahofia kwanza vidole vyake.

Ili gari lichomoke, fundi huongeza mafuta kwenye pampu, kisha hufungua nozeli na kuzijaribu kama zinapuliza sawasawa. Hapo mafuta hutoka kwa presha inayozidi mara 40 upepo wa tairi. Kidole kikiwa mbele yake, dizeli hupenya ngozi kama sindano, na glovu haizuii.

Jeraha lenyewe linadanganya: kitundu tu, damu kidogo, maumivu madogo. Kumbe ndani dizeli imeshafuata kano hadi kiganjani, inaunguza nyama na kuleta uvimbe unaobana mishipa ya damu. Saa chache baadaye kidole kimevimba, kimepauka, na maumivu hayavumiliki. Wapo wanaokatwa kidole.

Asikamue, asikande, asiweke barafu. Avue pete, aoshe kwa maji na sabuni, ainue mkono, na aende haraka hospitali yenye daktari wa upasuaji, asisubiri kivimbe. Ndani ya saa 6 ni bora zaidi. Vidonge peke yake havitoshi, kwani dizeli lazima itolewe.

Mkifika mapokezi, semeni wazi: "Amepigwa na nozeli ya dizeli." Mkisema amejichoma tu, anaweza kupewa sindano ya pepopunda na kurudishwa nyumbani. Nilipokuwa daktari mpya, hata mimi ningemrudisha.