Mikono Mingi Juu ya Paa Moja

Mji mdogo wa Takayama, milimani mwa Japani, una soko la asubuhi kando ya mto Miyagawa na mtaa wa Sanmachi wenye nyumba kongwe za mbao. Lakini kilichotugusa zaidi ni kijiji cha Shirakawa-go, mwendo wa takriban dakika 50 kwa basi, kilichoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995. Mapaa yake ya nyasi yana mteremko mkali ili theluji nzito iporomoke. Yanapochakaa, majirani, kwa desturi iitwayo yui, hukusanyika wakaezeka bila ujira: leo kwako, kesho kwangu. Haki ya jirani twaijua sisi na watoto wetu. Je, jirani akivujiwa usiku huu, nani atampandia juu ya paa?