Saa Sita Mchana, Taa Inawaka

Ingia katika vyumba vingi vya chini kwenye maghorofa ya Kariakoo, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam likiwaka nje. Utakuta taa imewashwa. Mpangaji amekwisha kuzoea, wala haoni ajabu. Lakini umeme huo anaulipia, na ukikatika, mtoto anayesoma humo itambidi atoke na daftari lake barazani. Swali letu wiki hii ni hili: utajuaje kwamba chumba kinapata mwanga wa mchana wa kutosha, tena kabla hujatoa kodi ya miezi sita?

Jicho si shahidi wa kutegemewa. Ukikaa mahali penye giza, mboni hutanuka, jicho likazoea, nawe ukasema mbona panaonekana. Ndiyo maana wataalamu wa majengo hutumia kifaa. Mwanga hupimwa kwa luksi (usichanganye na LUKU, ingawa mwenye luksi chache hununua LUKU nyingi). Mshumaa ukiwa mita moja kutoka ulipo, mwanga unaokufikia ni kama luksi 1. Jua la adhuhuri hukaribia luksi 100,000. Meza ya ofisi huhitaji kama 500.

Ila luksi peke yake haitoshi, maana wingu likipita tu namba inabadilika. Kwa hiyo hutafutwa uwiano. Taa zote zikiwa zimezimwa, unapima mwanga ndani, kwenye kimo cha meza, sentimita 85 hivi. Wakati huo huo unapima nje, mahali pa wazi pasipo mti wala ukuta. Gawanya cha ndani kwa cha nje, zidisha kwa 100. Nje ikiwa luksi 10,000 na mezani 200, hiyo ni asilimia 2. Chini ya hapo, chumba hicho ni cha kuwasha taa mchana. Kikifika 5, taa yaweza kupumzika karibu mchana kutwa. Simu nyingi za sasa zina programu ya kupima luksi. Haziwi sahihi kama kifaa cha mtaalamu, lakini ukitumia simu ile ile ndani na nje, utapata picha.

Linalowashangaza wengi ni siku ya kupima. Si siku ya jua, bali ya mawingu mazito yaliyofunika anga lote, kama yale ya masika. Jua likipenya dirishani hupiga kipande cha sakafu, hapo kipimo kikaruka hadi maelfu, na hatua mbili pembeni kukawa na mia tu. Isitoshe, jua hilo huleta joto, nasi tunalikimbia kwa mapazia. Tunachotafuta ni mwanga wa anga. Na anga la mawingu hung'aa utosini mara tatu kuliko kwenye upeo wa macho, kwa hiyo sehemu ya juu ya dirisha ndiyo yenye mali. Mafundi wetu wengi hupanua dirisha kwa upande, kumbe lingepandishwa juu mwanga ungefika ndani mbali zaidi. Nyavu za mbu zilizojaa vumbi nazo hula sehemu yake.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni ukuta wa jirani. Uingereza wana sheria ya mwaka 1832: dirisha lililopata mwanga kwa miaka 20 mfululizo, jirani hawezi kulizibia hivi hivi. Miaka ya 1920 mpimaji aitwaye Percy Waldram aliweka kiwango kinachotumika hadi leo kwenye mashauri hayo, yaani asilimia 0.2 ya mwanga wa anga zima, kwenye angalau nusu ya chumba. Mimi naona ni kidogo mno, lakini angalau mwenye dirisha ana namba ya kupeleka mahakamani.

Wewe usiye na kifaa, nenda kaone chumba mchana. Dalali akitangulia kuwasha taa, mwombe aizime. Kaa pale utakapoweka meza, utazame dirishani. Je, unaona anga? Ukiona ukuta mtupu, basi mwanga utakaoupata ni ule uliogonga ukuta huo kwanza, na hapo rangi yake ina maana kubwa: chokaa nyeupe safi hurudisha karibu asilimia 80, saruji iliyoota ukungu hurudisha kidogo sana.